Fyuzi ya Mirza

Kile kikohozi hakikuwamo kwenye sahani ya santuri. Wajahat alikuwa ameisikiliza santuri ile miaka thelathini na moja, anajua mpaka pale mpiga sarangi, ile fidla ya Kihindi, anapovuta pumzi, na kikohozi hakikuwamo. Lakini mchana ule, baada ya adhuhuri, katikati ya ghazali, mtu alikohoa upande wa kushoto, nyuma kidogo ya tabla. Akarudisha sindano. Mtu akakohoa tena, kisha akahamisha kitu shavuni. Chumba kikanuka tambuu na karafuu.

Wajahat alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu pale Mughalpura, Hyderabad, na mali yake kubwa duniani ilikuwa masikio. Alidai anamsikia sisimizi akipanda ukuta, na anajua kama ana mzigo. Mkewe, Bi Farhat, husema kwamba sisimizi anamsikia, ila yeye akiitwa chakula kimeiva hasikii.

Sasa, fyuzi. Ni kijibomba kisichozidi kiungo cha kidole, ndani kina kiwaya. Umeme ukizidi, kiwaya kinakatika ili mashine isiungue. Basi, kazi yake imekwisha. Ila kwa wapenda sauti wa mtaa ule fyuzi ni roho ya muziki. Wanatoa ya kawaida, wanaweka ya fedha, wanafumba macho na kuapa kwamba mwimbaji amesogea hatua mbili. Mirza Taqi Beg, rafiki na hasimu wa Wajahat, mzee wa fimbo mkononi na tambuu ya karafuu shavuni, alikuwa nayo moja ya fedha kutoka Japani. Alimnyima hata kuishika.

"Uishike na vidole hivyo vya mafuta ya sambusa?" alikuwa akimwambia mbele za watu. "Itazame tu, mwalimu. Macho hayaachi alama."

Mirza akafa. Siku ya tatu, kwenye khitma, watu wote wameinamia juzuu zao, Wajahat aliomba njia ya msalani. Akapita chumba cha muziki, akaichomoa ile fyuzi nyuma ya amplifaya ya marehemu, akapachika ya kwake ya kioo, akarudi kumalizia juzuu. Wanasema alisoma kwa sauti tamu sana siku ile.

Sasa alikuwa kwenye simu na Laiq, fundi wa mtaa.

"Kuna mtu ndani ya sahani," alinong'ona. "Anatembea kwa fimbo. Anatoka katikati ya spika, anakwenda ukutani, anapotea."

"Umeweka fyuzi mpya?"

"Ya fedha."

"Makubwa. Umeitoa wapi?"

"Nimeletewa."

"Basi umeiweka kinyume. Fyuzi ina mwendo, mwalimu. Umeme nao unapenda kuingia kwa mlango wake. Igeuze."

Kwa mtu mwenye akili timamu, nyayo zinazokwenda zake ni habari njema. Kwa mpenda sauti, hiyo ni kasoro ya fyuzi. Wajahat akaigeuza.

Akakaa kitini, akashusha sindano. Muziki ulitoka mpana kuliko chumba, mtamu mpaka machozi yakamlenga. Kisha fimbo ikagonga ukutani. Ikagonga tena, karibu zaidi. Sasa ile fimbo ilikuwa inakuja, ikapita tabla, ikapita sarangi, ikatoka mbele ya spika mahali ambapo sauti ya santuri haina njia ya kufika, ikakanyaga zulia kwa mgoto mzito wa mti juu ya sufi, na ile harufu ya tambuu ikamtangulia kama jasho la mtu aliyekwea ngazi kwa hasira, mpaka Wajahat akaruka, akaingiza mkono nyuma ya amplifaya, akaing'oa fyuzi, akavuta na waya wa ukutani, na ghazali ikaendelea kuimba bila fyuzi, bila umeme, bila kupunguza hata pumzi, huku mdomo wa baridi ukigusa sikio lake la kushoto na kusema taratibu:

"Vidole bado vina mafuta."

Sikio lile halikusikia tena kitu.

Bi Farhat ndiye aliyemwita Pir Asrar, shehe wa dua na mambo ya majini. Mzee alikaa sebuleni, hakugusa chai, akaomba kila kitu asimuliwe. Wajahat alisimulia akitazama zulia.

"Wafu hawarudi," Pir alisema kwa sauti ya chini. "Huyo ni hamzadi wake, jini pacha aliyezaliwa naye siku moja. Mwenzake kazikwa, yeye kabaki na kinyongo chote."

"Anataka nini?"

"Umemwibia wakati watu wanamwombea. Siku ya arobaini irudishe kwa mkono wako, na useme mbele ya wale wale waliokuwepo. Vyote viwili. Ukiacha kimoja atakuja kwa sikio la pili, na siwezi kukuahidi kwamba ataishia hapo."

"Baba Nudrat, umesikia?" mkewe alinong'ona upande wa kulia. "Utasema?"

"Nitasema."

Arobaini ikafika. Biriani ikapakuliwa, na Bi Qudsia, mjane, akampelekea Wajahat pande la nyama kubwa kuliko yote.

"Shemeji zangu wa damu hawakunijali," aliwaambia wageni. "Huyu kila wiki ananipigia simu. Mirza angekuwepo angemwita ndugu."

"Angemwita mwizi wa nyama," Laiq alisema, na watu wakacheka.

Wajahat alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Akaliteremsha kwa maji. Baadaye aliomba njia ya msalani, akairudisha fyuzi mahali pake, akaifuta kwa leso, akaaga. Kimoja kati ya viwili, alijiambia, ni nusu. Na nusu, kwa mwalimu wa hesabu, ni alama ya kufaulu.

Njiani mwuza vitunguu alikuwa anaita, kisha mdomo wake ukawa unaita peke yake. Honi za riksha zikafifia moja moja, na watoto, na kengele ya baiskeli, na viatu vyake mwenyewe juu ya mawe, mpaka alipofika mlangoni dunia nzima ilikuwa inacheza bila sauti, na kitu pekee alichokisikia, kikipanda ngazi nyuma yake bila haraka, kilikuwa fimbo.

Bi Farhat alisema naye, akaona hajibu. Akamshika mabega, akasema tena. Kisha akaelewa. Akachukua kalamu, akaandika nyuma ya kadi ya mwaliko: *Ulisema mbele yao?*

Wajahat alisoma. Alitaka kumwambia kwamba alisema, kila neno, na watu wote walimsamehe. Akafungua mdomo.

Chumba kikanuka karafuu, na kutoka katika koo la mumewe Bi Farhat aliisikia sauti ya Mirza, tulivu, imeshajikalia.

"Hakusema, shemeji."

Wajahat alikuwa bado anamtazama, akisubiri ajibiwe.