Alama Moja kwa Karatasi D

Senga alikuwa ameshavaa koti. Ufunguo wa nyumba yetu kauweka mezani, kando ya kopo la ule unga wa kuifanya chai iwe nzito.

Mke wangu Netta kamshika mkono wa koti. Hamwachii.

"Niache, mama. Basi litaniacha."

Netta tangu apigwe na kiharusi hasemi. Anashika tu.

Miaka minne, ndugu zangu. Kila asubuhi saa moja, mvua au theluji, Senga yuko mlangoni. Anamnywesha Netta chai kwa kijiko, nusu saa nzima. Chai nyepesi ingempalia, ikaishia kwenye mapafu...

Na siku hiyo anaondoka moja kwa moja.

"Halmashauri wametuuza," nikasema.

"Halmashauri gani, mzee Dod? Si na wewe ulikuwa mezani?"

"Nilikuwa. Nilitetea huduma nzuri kama ya ushirika wenu wa wahudumu mpaka koo likakauka."

Hapo nilikuwa naamini ninachosema. Ngoja niwaeleze.

Katika mji wetu huku Uskoti, huduma za wagonjwa majumbani hutolewa kwa zabuni. Zamani maafisa walichagua wenyewe. Safari hii wakaja na mtindo mpya: wanaohudumiwa na familia zao nao wakae mezani, wachague pamoja.

Mimi shule niliiokota vipande vipande. Nimekuwa baharia, nimechimba mitaro, nimelala kwenye vibanda vya maonyesho. Leo naitwa kupima karatasi za watu wanaoomba kazi hiyo? Nilinyoa mara mbili.

Tulikutana kwenye ukumbi wa maktaba. Wakazi watatu, maafisa wawili, chai na biskuti za siagi. Lorna, afisa wa zabuni, akatupa masharti.

"Majina ya waombaji yamefichwa, mna herufi tu. Mnapima kilichoandikwa. Mnachokijua nje ya karatasi hakihesabiki."

Swali la tatu liliuliza: mtamlindaje mgonjwa anayemeza kwa shida?

Karatasi A ilijibu kwa kurasa sita, na michoro yenye mishale. Tukaipa alama zote tano. Sikuelewa nusu yake, lakini ningesemaje?

Karatasi D ilijibu kwa mistari miwili: "Tunajua kila mtu anavyomeza. Hatumharakishi."

Nikacheka, jamani.

"Huyu hata mimi nimemzidi shule."

Wenzangu walitaka kuipa tatu. Nikakataa.

"Ushahidi uko wapi? Mimi nyumbani nina mgonjwa wa namna hii. Moja inatosha."

Lorna akaniangalia.

"Una uhakika, mzee Dod?"

"Si umesema tupime kilichoandikwa?"

Kwa kuwa mgonjwa alikuwa kwangu, wakanifuata wote. Lorna akaniambia niandike sababu. Nikaandika kwa mkono wangu, herufi kubwa, najiona profesa.

Sasa turudi mlangoni.

Senga akatoa barua mfukoni.

"Tumekosa kwa alama mbili tu. Swali la tatu tumepewa moja. Sikiliza sababu: 'Maneno matupu. Mtu huyu hajawahi kumlisha mgonjwa.'"

Maneno yale yalikuwa yangu.

"Jibu hilo niliandika mwenyewe," akasema. "Kwenye gari la ushirika, hapo nje kwenu, nikisubiri Netta aamke. Nilikuwa namfikiria yeye. Hivi nani ataandika kitu kama hicho?"

Netta alikuwa ananitazama.

"Sijui," nikasema.

Senga akavifungua vidole vya Netta kimoja kimoja, akambusu kwenye paji la uso, akatoka.

Karatasi A ilikuwa ya kampuni kubwa kutoka jiji la mbali. Walileta sura mpya karibu kila siku, dakika kumi na tano kila mmoja. Maelekezo ya Netta yalikuwa kwenye jalada, yamechapwa vizuri, na mishale yake. Wiki ya tatu, nikiwa duka la dawa, binti mmoja mwenye haraka akampa chai ya kawaida, kwenye kikombe.

Ndugu zangu, ukiitwa mezani kwa sababu ya maisha uliyoyaishi, usiyaache mlangoni ili uonekane msomi. Ningeweza kumwambia Lorna sharti lake ni baya. Aliniita pale nimwambie mambo kama hayo. Mimi nikashika kalamu.

Netta alifariki siku tisa baadaye, mapafu yamejaa. Yule binti aliacha kazi. Kampuni bado ina mkataba, umebaki mwaka mmoja. Ushirika ulivunjwa, Senga anapanga maboksi kwenye ghala. Mazishini alikaa kiti cha nyuma, akanipa mkono, akasema pole baba. Lorna amebadilisha sharti: wapimaji sasa wanashinda asubuhi moja na kila mwombaji, kwenye nyumba za wagonjwa, kabla ya kugusa karatasi. Aliniita tena, nikakataa. Lile kopo la unga bado liko mezani.

Senga hajui ile moja ilitoka kwa nani. Jumapili anapita kuniletea supu, nami nitampa simu hii niliyoandikia haya, asome.