Saa Nne ya Mama

Kila alipotoka shule, Profesa aliokota vipande vya uzi chini ya cherehani ya baba yake. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, maana hesabu hata iwe ngumu vipi, binti huyu hakukubali imshinde. Siku hiyo alichagua uzi mwekundu, akaulaza juu ya tufe la dunia aliloazima kwa mwalimu, kutoka mji aliko mama hadi mji wao, kisha akaupima kwa rula na kuzidisha kwa kipimo cha tufe.

"Kilomita elfu tisa na mia sita!" alitangaza. "Ndege inakwenda mia nane kwa saa. Basi ni saa kumi na mbili angani. Mama anaondoka kesho saa nne asubuhi, atatua saa nne usiku."

"Si tumuulize mwenyewe?" kaka alisema.

"Ya nini? Hesabu haidanganyi."

Baba alicheka, akaenda kumwomba jirani yao dereva awapeleke uwanja wa ndege kesho yake usiku. Mama alikuwa kazini ng'ambo kwa miaka miwili, na ombi lake lilikuwa moja tu: akitoka pale mlangoni, nyuso za kwanza ziwe zao.

Mara simu ikaita. Alikuwa mama, lakini kwenye kioo palikuwa peusi tii.

"Ngoja niwashe taa, mwanangu. Huku ni saa mbili usiku."

Profesa aligeukia dirisha. Jua la saa nane mchana lilikuwa likichoma mabati. Kabla hajauliza neno, salio likaisha.

Alilivuta tufe karibu na dirisha, akalizungusha polepole. Mwanga uliufikia mji wa mama kwanza. Wa kwao ulibaki gizani. Saa nne ya mama ingefika wao wakiwa bado usingizini! Walipishana saa sita. Mama angetua saa kumi jioni, asimkute mtu.

Ulimi ulimwasha kusema kwamba ndege imebadilishiwa saa. Nani angejua? Akaumeza uongo huo, akamwendea baba.

"Baba, nimekosea. Nimepima njia vizuri, lakini nimesahau kuwa saa ya mama si saa yetu. Atafika saa kumi."

"Lo! Profesa kaanguka na vitabu vyake!" kaka alipiga makofi.

"Cheka, kaka. Ukimaliza, mkimbilie dereva kabla hajapata safari nyingine."

Kesho yake, muda mfupi baada ya saa kumi, mlango wa uwanja ulifunguka. Mama alitokea akikokota sanduku, akaangaza huku na huku, akawaona. Sanduku akaliacha palepale.

Walipokuwa wakirudi, mama alisimuliwa kisa chote, akamkumbatia bintiye kwa nguvu.

"Mimi nimeshona miaka mingi," baba alisema, "na hadi leo mshono hunipinda. Fundi ni yule anayefumua mapema. Anayeona haya kufumua, mwanangu, humvalisha mwenzake nguo iliyopinda. Jana ulifumua."