Vidole Vinne

Jumamosi asubuhi Yudith aliwasha jiko la mkaa, akainjika sufuria kubwa ya chai na kuanza kupanga chapati kwenye sinia. Mama yake alikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara kuu, hapa Ruaha Mbuyuni, na madereva wa malori wakishasimama hawana subira. Wanataka chai ya moto, chapati laini na maneno mawili matatu ya kuchangamsha safari. Yudith aliiweza kazi hiyo vizuri sana, na hata mama alipokuwa akiumwa kibanda hakikufungwa.

Kazi ya shamba ndiyo iliyokuwa ikimpiga chenga. Walikuwa wamehamia kutoka Mbeya mjini mwanzoni mwa mwaka, na kule Yudith alizijua nyanya zikiwa zimeshapangwa mafungu sokoni. Hapa kila mtoto amekulia kati ya matuta ya vitunguu na nyanya. Wenzake wa darasa la sita walimwita Mtoto wa Geti, na maskini, nyumba waliyopanga haikuwa hata na uzio! Walimwita hivyo kwa utani tu, lakini utani ule ulimchoma. Akaapa moyoni kwamba hatauliza swali lolote litakalowafanya wamcheke.

Shuleni kwao kulikuwa na mpango ulioitwa Nishike Mkono. Vijana wa kijiji waliomaliza masomo walijitolea kila Jumamosi kuwalea wanafunzi. Waliwafundisha kazi, waliwasaidia masomo, na mtoto mwenye jambo zito moyoni alipata mtu wa kumwambia. Mlezi wa kundi la Yudith alikuwa Dada Apolonia Kalinga, msichana mrefu mwenye sauti ya kusikika mashamba matatu, aliyesomea kilimo chuoni kisha akarudi nyumbani. Kundi lake lilitunza bustani ya nyanya za shule, maana watoto walikuwa wamechoka kula maharage yasiyo na kiungo chochote.

Tena mpango huo ulikuwa na desturi yake. Kila mwanafunzi wa darasa la sita alipewa mdogo wake wa darasa la tatu, ili alichojifunza kwa mlezi akifundishe naye. Mdogo wa Yudith aliitwa Faustina, na kama maswali yangekuwa mbegu, Faustina angelima bonde zima.

"Dada Yudith, kwa nini majani ya nyanya yananuka hivi? Dada Yudith, mnyoo una macho?"

Yudith alimpenda mtoto huyo, ingawa maswali yake mara nyingi yalimtoa jasho.

Jumamosi hiyo ilikuwa siku ya kuweka mbolea ya kukuzia. Dada Apolonia aliwakusanya wanafunzi wa darasa la sita, akainua kisoda, kile kifuniko cha bati cha chupa ya soda.

"Kama tunavyofanya nyumbani," alisema. "Kisoda kimoja, vidole vinne, udongo, maji. Kila shina. Tumeelewana?"

"Ndiyooo, dada!" wakaitikia wote kwa pamoja, kama ilivyo kawaida ya darasa lolote likiulizwa swali hilo. Sauti ya Yudith ilikuwa juu kuliko zote.

Lakini hakuwa ameelewa. Kisoda alikijua. Udongo na maji, sawa. Vidole vinne ni nini? Alitazama huku na huku. Joachim, fundi wa utani darasani, alikuwa amesimama karibu yake, tayari kabisa kucheka. Yudith akameza swali lake. Akajiambia kwamba bila shaka ukishaweka kisoda, unachota nyongeza kwa vidole vinne.

Basi akaenda kwenye tuta lao na kumfundisha Faustina hivyo hivyo. "Kisoda kimoja hapa kwenye shina. Halafu ongeza ya vidole vinne. Fukia, mwagia maji."

"Nyingi yote hiyo, dada? Haitaushibisha mmea sana?"

"Fanya kama ninavyokwambia."

Faustina akafanya. Akakamilisha tuta zima kwa uangalifu, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo, kisha wakanawa mikono kwa sabuni na kwenda nyumbani.

Katikati ya wiki nyanya za tuta lile zilikuwa zimenyong'onyea. Majani yalikauka kingo na kugeuka kahawia, wakati matuta ya jirani yalikuwa kijani kibichi. Dada Apolonia alipoitwa, alichimbua shina moja kwa kidole na kukuta mbolea imerundikana.

"Zimeungua," alisema. "Nani alihudumia tuta hili?"

"Mimi, dada," alisema Faustina kwa sauti ndogo.

"Huyo lazima alikuwa anapikapika na mbolea," alisema Joachim. "Watoto wa darasa la tatu bado wanachezea udongo!"

Wengine wakacheka. Dada Apolonia hakucheka. Alimgeukia Yudith. "Yudith, ulimwelekeza vizuri?"

Hapo ndipo neno la kweli lilipotakiwa. Faustina alikuwa akimtazama, macho yamejaa machozi, akimngoja dada yake aseme. Yudith alifungua mdomo, na neno lililotoka lilikuwa lile lile alilolizoea.

"Ndiyo, dada."

Faustina hakubisha. Mtoto wa maswali yote yale hakuuliza hata moja. Dada Apolonia alisema kwa upole kwamba mbolea si kitu cha kuchezea, hivyo kuanzia Jumamosi Faustina atakaa nje ya bustani mpaka akue kidogo. Mtoto akaokota viatu vyake na kuondoka.

Siku zilizofuata Yudith aliumia. Alimwona Faustina bombani, akamwita. Faustina aliitika kwa adabu, "Abee, dada," akajaza ndoo yake na kwenda zake kimya. Kimya hicho kilimuuma Yudith kuliko kama angetukanwa. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi chai aliitia chumvi badala ya sukari, mpaka dereva mmoja akauliza kama ni supu.

Jumamosi Dada Apolonia alipita kibandani kunywa chai kabla ya kwenda shuleni.

"Kamwene, mama," alimsalimu mama Yudith kwa Kihehe.

"Kamwene," alijibu mama, akacheka, maana neno hilo moja ndilo Kihehe chake chote.

Yudith alileta kikombe. Alikitua vibaya, chai ikamwagika kwenye kisahani.

"Una nini leo?" aliuliza Dada Apolonia.

"Dada, si Faustina. Ni mimi." Alianza kulia, lakini hakuacha kusema. "Sikujua vidole vinne ni nini. Nilidhani ni kuongeza mbolea. Nikamfundisha vibaya, halafu nikakudanganya. Niliogopa watanicheka. Usimtoe bustanini, dada. Unitoe mimi."

Mama yake aliweka mwiko chini. Dada Apolonia aliuweka mkono wake mezani, vidole vinne vimebanana.

"Huu ndio umbali, Yudith. Kutoka kwenye shina mpaka mbolea inapokaa, vidole vinne, ili mizizi isiungue."

Yudith aliutazama mkono ule. Jambo dogo namna hiyo! Swali moja tu lingetosha.

"Hukujua, na hilo si kosa," alisema mama. "Kumwachia mtoto wa watu mzigo wako, hilo ndilo kosa. Vua aproni hiyo uende ukamtue."

Bustanini, Faustina aliitwa arudi. Yudith alisimama mbele ya kundi zima na kueleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Joachim kweli alicheka: "Vidole vinne vya kuchotea!" Wengine wakamfuata. Yudith alisikia uso ukimwaka moto, lakini alibaki amesimama, na kicheko kikaisha kama kinavyoisha kicheko chochote.

"Samahani, Faustina," alisema. "Ulifanya kazi yako sawasawa. Mimi ndiye niliyekufundisha vibaya, kisha nikakusingizia."

Asubuhi nzima walifukua mbolea iliyozidi, wakamwagia mashina maji mengi. Mashina mengine yalikuwa bado hai. Yaliyokufa waliyang'oa, wakapanda miche iliyobaki kitaluni. Joachim naye alibeba ndoo bila kuambiwa.

Kazi ilipokwisha, Dada Apolonia aliwaketisha kivulini.

"Kosa halikuwa la Yudith peke yake," alisema. "Nami niliwauliza kama tumeelewana, mkaniitikia ndiyo, nikaridhika. Nyumbani tumelelewa kumwitikia mkubwa ndiyo, na hiyo ni heshima nzuri. Lakini ndiyo ya uongo haimheshimu mtu. Inaunguza nyanya, na inamuumiza asiye na hatia. Kuuliza si ujinga, wanangu. Kuanzia leo sitawauliza kama mmeelewa. Nitawaambia mnionyeshe. Nawe Joachim, anayemcheka muulizaji anawafunga wengine midomo."

Joachim aliinamisha kichwa. "Samahani, dada. Na wewe, Yudith."

"Sasa limebaki moja," Dada Apolonia aliendelea. "Faustina, tunaweza kukutafutia dada mwingine. Uamuzi ni wako."

Wote walimgeukia mtoto. Yudith aliinama na kungoja, akijua kwamba hastahili kuomba kitu. Faustina alikwangua udongo kwenye kidole gumba.

"Abaki yeye," alisema mwishowe. "Ila nikimuuliza kitu, asiniambie nifanye tu."

"Sitakwambia hivyo tena," alijibu Yudith. "Nikijua nitakujibu. Nisipojua nitasema sijui, halafu tutaenda wote wawili kuuliza."