Diski Ndani ya Soksi

Kila alipotoka shule, Profesa alikuta nyumba imefungwa. Alijifungulia, akala chakula kilichofunikwa mezani, kisha akawasha kompyuta. Jina la Profesa alibandikwa na kaka yake, kabla kaka hajaenda ng'ambo kutafuta maisha. Mama yao, nesi, alirudi jioni akiwa hoi. Profesa alikuwa mpweke, na mwenzake wa kushinda naye alikuwa kompyuta inayojikokota kama konokono.

Shuleni walifundishwa kwamba kompyuta iliyojaa pomoni hupata nafuu ikiongezewa diski ya zamani, baadhi ya mafaili yakahamishiwa huko. Profesa akakumbuka diski ya kaka, kabatini ndani ya soksi. Kaka alimwambia aitunze. Hakumkataza kuitumia, alijitetea. Akaiunganisha kwa waya. Kompyuta ikamuuliza kama aisafishe diski hiyo ianze upya. Kwa pupa, akakubali.

Ndipo akakumbuka nyimbo zilizokuwa humo, alizorekodi na kaka enzi hizo yeye bado kibogoyo. Akaitazama diski: tupu.

Kaka ndiye pekee aliyepiga simu kumuuliza habari zake. Akijua, ataendelea kupiga? Alifikiria kuijaza diski mafaili yake na kuirudisha kwenye soksi, asimwambie mtu. Alikaribia kubonyeza, akashindwa. Alilia mpaka mama aliporudi, akamweleza yote.

Mama hakufoka. Alimpigia simu fundi kompyuta wa mtaani, naye akawaonya wasiweke chochote humo. Kesho yake fundi alizipata nyimbo. Alieleza kwamba kilichofutika ni orodha tu. Nyimbo zenyewe zilikuwapo bado, kwa kuwa hakuna kilichoandikwa juu yake. Akazihifadhi mahali pengine.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," mama alisema. "Wodini tunawawahi wanaosema mapema, mwanangu. Ungeficha kosa kwa kujaza mafaili, hata fundi angeshindwa. Sasa kaka yako umwambie mwenyewe."

Kaka alipopiga simu, Profesa alikiri.

"Hiyo diski itumie tu," kaka akasema. "Ila nitumie ule wimbo wa kibogoyo. Huku sina wa kuimba naye."

Profesa hakuwahi kudhani kwamba kaka naye ni mpweke. Kompyuta ilipopata nafasi ya kupumua, kitu cha kwanza alichotuma ni wimbo ule. Simu ikaita papo hapo, wakauimba wote wawili mpaka mwisho.