Sikio la Upande wa Pili

Walijuana sokoni Kondele, Jumamosi ya watu tele, kwa sababu ya samaki aina ya ngege. Enos Wabwire alikuwa amemfunga samaki wake kwa gazeti, maji yakachuruzika juu ya gauni la manjano la binti aliyekuwa mbele yake.

"Bwana, samaki wako ananikojolea!"

"Pole, dada. Amekupenda."

"Samaki, ama mwenyewe?"

Huyo alikuwa Nasambu, mwalimu wa nasari ya kanisa mjini. Enos alikuwa opereta wa simu posta, na tangu siku hiyo sauti ya Nasambu ikiingia kwenye mtambo wake wa kuunganisha simu, aliwasahau wateja wengine. Alimweleza kwamba amefiwa na mke, na kwamba marehemu hakuacha mtoto.

Uongo mtupu! Rosa alikuwa na miaka mitano, akilelewa na bibi yake nyumbani kwa Enos. Ugonjwa wa kupooza ulikuwa umemnyausha mkono wa kulia, na babake akamvika sweta ya mikono mirefu hata jua la Kisumu likichoma. Mwoga yule alimpenda mwanawe ndani ya nyumba tu.

Januari 1972 bibi alichoka. "Nasari ya kanisa hapa mtaani inaandikisha. Mpeleke wewe, mimi magoti yamekataa."

Enos akampeleka. Kumbe nyuma ya meza ameketi Nasambu, aliyehamishiwa hapo asubuhi hiyo kutoka mjini.

"Enos! Huyu ni nani?"

"Wa... wa jirani."

Kila mtoto alipitisha mkono juu ya kichwa kushika sikio la upande wa pili. Ukifika, umri umetimia. Rosa akainua wa kushoto.

"Wa kulia, mtoto mzuri," Nasambu alisema, akauvuta mkono wa sweta. Akauona. Kina mama kwenye foleni wakanyosha shingo. Nasambu, kwa kubabaika, akasema baya: "Mwambie babake amlete mwaka ujao, akipona."

"Asante, mwalimu," alijibu Enos.

Njiani Rosa aliuliza, "Baba, jirani ni nani?"

"Ni mtu anayekaa karibu."

Mtoto akatangulia mbele. Enos aliona aibu kumtazama, akatazama viatu vyake mpaka nyumbani.

Saa tisa alasiri simu ya kanisa iliita posta.

"Enos, yule mtoto ana macho yako."

Enos akajifanya kuandika namba.

"Uliniambia marehemu hakuacha mtoto!"

"Nilidhani utanikimbia."

"Wewe umemkana, mimi nimemfukuza. Sijui nani afadhali. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuandikisha."

Kesho yake Rosa alikuja na gauni la kijani lisilo na mikono. Watu waliangalia, na Enos akaacha waangalie.

"Rosa, umeletwa na nani?" Nasambu aliuliza.

"Na jirani."

Enos alitamani ardhi ipasuke immeze. "Mimi ndiye babake," alinong'ona.

"Sisikii."

"Mimi ni baba yake! Nilimkana mwanangu mbele yenu!"

Nasambu alipiga magoti mbele ya mtoto. "Hata mimi nilikukosea, mama. Leta mkono unaoutaka wewe."

Wa kushoto ukapita juu ya kichwa, ukashika sikio la kulia, ukalivuta mpaka likauma. Nasambu akaandika jina.

"Na kwa mama niandike nani?"

"Marehemu. Lakini Nasambu, kama ungekubali wewe..."

"Ebo! Usinichumbie mimi kwanza. Tangu jana huyu amekuita baba?"

Hakuwa amemwita. Wiki nzima hakumwita. Akitaka uji alimvuta shati. Enos alimpeleka nasari kila asubuhi, akimshika mkono ule ule mwembamba, akisalimia kila mtu barabarani, "Huyu ni binti yangu," na aibu haikupungua.

Wiki ya tatu, simu ya kanisa iliita posta.

"Namba, tafadhali?"

Kwa mbali Nasambu alikuwa akicheka. Kisha sauti ndogo, karibu sana na kipokezi:

"Baba? Mwalimu anasema sasa unaweza kumuuliza."

Enos akaibana simu sikioni kwa mikono miwili. Wateja wawili walisubiri laini mpaka wakakata simu.