Kipulizio Ndani ya Kopo la Makaa

Kila asubuhi, kabla ya kuchota maji na kabla ya kuwasha jiko, Kijiko alifunga dirisha. Akishalifunga, mama yake alikohoa mpaka machozi yakamlengalenga, akatema vumbi jeupe la pamba la jana, kisha akalitoa tarumbeta mvunguni mwa kitanda. Alilishindilia soksi kuukuu katika kinywa kipana cha chombo hicho ili sauti isivuke ukuta, akaketi ukingoni mwa kitanda, akapuliza.

"Tuwafungie majirani, wenzetu bado wamelala," mama alizoea kusema.

Kijiko aliitikia kwa kichwa. Moyoni alijua kwamba hakulifunga dirisha kwa ajili ya usingizi wa mtu yeyote. Alilifunga kwa aibu.

Zamani haikuwa hivyo. Jina lenyewe la Kijiko alilipata akiwa bado anatambaa, kwa kupigapiga kijiko juu ya sufuria kila mama yake alipopuliza. Tarumbeta lilikuwa la babu, baba yake mama, aliyelipiga katika bendi ya kiwanda cha nguo maisha yake yote. Mzee huyo hakujaliwa mtoto wa kiume, basi akamfundisha binti yake, na alipofariki akamwachia. Sasa mama na Kijiko waliishi wawili tu, katika chumba kimoja chenye dirisha moja.

Aibu ilianzia shuleni. Mvulana mmoja, ambaye baba yake alipiga ngoma kubwa katika bendi hiyohiyo ya kiwanda, alipita nje ya dirisha lile siku ambayo Kijiko alichelewa kulifunga. Kesho yake darasa zima lilikuwa na habari.

"Ewe Mtoto wa Mashavu," alimwita wakati wa mapumziko. "Mama yako akipuliza tarumbeta, chakula anapika nani? Au nacho anakipuliza kikaiva?"

Wakacheka. Hata rafiki yake wa dawati moja aliinamisha uso kuficha meno.

"Si mama yangu," Kijiko alisema. "Ilikuwa redio."

Uongo ule ulimtoka kama mate, bila hata kuutafuta.

Mama yake alifanya kazi katika chumba cha kuchambulia pamba. Wote waliokuwa humo walikuwa wanawake. Wakubwa wa kiwanda walisema kwamba vidole vya wanawake ni vyepesi. Madirisha ya chumba hicho yalipigiliwa misumari ili upepo usipeperushe pamba, na vumbi lilielea humo kama ukungu usiojua jua. Wanabendi, kwa upande wao, walifanya kazi katika chumba cha kufungashia nguo, ambako hewa ilikuwa safi, ili vifua vyao visidhurike. Hakuna mwanamke aliyewahi kuwa mwanabendi. Mama alipoomba ahamishiwe huko, msimamizi alimjibu kwamba kufungasha ni kazi ya wanaume, akaendelea kunywa chai yake.

"Dada yangu, nisikudanganye," muuguzi wa zahanati alimwambia mama, Kijiko akiwa pembeni. "Dawa ya kikohozi hiki haimo kwenye chupa. Dawa ni kutoka katika vumbi. Ukikawia, pumzi inayokwisha haitarudi."

Ndipo mpiga tarumbeta mmoja alipostaafu, na kiti chake kikawa wazi.

Bendi ile ilikuwa na desturi yake ya kuchagua. Kiongozi wao, aliyejulikana kwa jina la Mzee Fimbo, aliketi uani kwa kiwanda akiwa ameelekeza uso ukutani. Mfanyakazi yeyote aliyetaka kiti alisimama nyuma yake na kupiga. Fimbo ya mzee ikigonga sakafu, umechukuliwa. Isipogonga, unaondoka kimyakimya, na yeye hageuki kutazama ulikuwa nani, asije akampendelea ndugu au rafiki.

"Ukuta haujui mwanamke wala mwanamume," mama alisema jioni iliyotangulia jaribio, huku akilisugua tarumbeta kwa majivu. Uso wake ulikuwa umekunjuka kwa namna ambayo Kijiko alikuwa ameisahau. "Nikikipata kiti hicho, mwanangu, nimetoka katika pamba."

Kijiko alikuwa akiwaza jambo moja tu: jaribio hufanyika mbele ya watu, na watoto wa wafanyakazi hujaa ukutani kama kunguru. Mvulana wa ngoma angekuwapo. Kila mtu angejua kwamba haikuwa redio.

Mama alipotoka kuanika nguo, Kijiko alichomoa kipulizio, kile kipande kidogo cha shaba kinachochomekwa mwishoni mwa tarumbeta na kukaa midomoni. Bila hicho, tarumbeta ni bomba tu. Akakizika ndani ya kopo la makaa, akanawa mikono.

Kesho yake uani, zamu ya mama ilipofika, alifungua kitambaa alichokifungia tarumbeta, akasimama kama aliyepigwa na radi. Akakung'uta kitambaa. Akapapasa mifuko. Kisha akawaendea wanabendi waliokuwa wameketi na vyombo vyao.

"Kaka zangu, niazimeni kipulizio. Mara moja tu."

Mmoja akakichomoa chake, akakitia mfukoni. "Dada, hiki hubusiwa na mimi peke yangu. Mke wangu akisikia kimebusiwa na mwingine, leo nalala nje."

Wenzake waliangua kicheko, nao wakavitia vyao mifukoni mmojammoja. Mpiga ngoma kubwa, ambaye hakuwa na kipulizio chochote, alijipapasa mfuko mtupu ili naye achekeshe.

"Anayefuata," Mzee Fimbo alisema, uso ukiwa ukutani.

Tarumbeta la mama halikulia.

"Hayupo? Aje mwingine."

Mama akakunja kitambaa chake polepole, akasogea kando. Kijana wa chumba cha rangi akapiga, fimbo ikagonga sakafu, watu wakashangilia. Kijiko, aliyekuwa amejificha nyuma ya mwanamke mmoja mnene, alitamani ardhi ipasuke immeze.

Njiani mama hakulaumu mtu. "Huenda nilikiangusha," alisema. "Akili yangu siku hizi."

Tangu siku hiyo hapakuwa na haja ya kufunga dirisha. Tarumbeta lilibaki mvunguni, na asubuhi zikawa za kikohozi kitupu. Kijiko alikuwa amedhani kwamba kimya hicho kitampa raha. Badala yake kilimkaba. Mama alianza kusimama njiani akijifanya anarekebisha kiatu, kumbe anatafuta pumzi. Ndoo aliyozoea kuibeba kichwani sasa aliijaza nusu, kisha robo, kisha akamwachia Kijiko. Na kila jioni Kijiko alipoingiza mkono katika kopo kutoa makaa, vidole vyake viligusa shaba ile baridi. Makaa yalipungua, akaizamisha zaidi. Alitaka kusema, lakini kila siku aliyonyamaza iliifanya siku iliyofuata kuwa nzito kuliko hiyo.

"Kesho anapita mnunuzi wa vyuma chakavu," mama alisema jioni moja, akiwa amejilaza na kuegemea ukuta, maana kulala chali kulimziba kifua. "Utampa lile tarumbeta."

"La babu?"

"Babu alilipuliza. Mimi nimelifanya chakula cha panya. Shaba ni shaba, mwanangu, acha iende."

Kijiko alisimama. Akalimwaga kopo zima la makaa sakafuni, akakiokota kipulizio, akakiweka cheusi vilevile katika kiganja cha mama yake. Maneno yalimtoka yakiwa yamechanganyika na kwikwi.

Mama alikifuta vumbi la makaa kwa kidole gumba.

"Angekuwa panya, ningemtegea mtego," alisema. "Wewe nikutegee nini?"

"Walikuwa wananicheka, mama."

"Na wewe? Ulinicheka pamoja nao?"

Mama aligeukia ukuta, na mabega yake yalitikisika bila sauti. Hakuna kiboko ambacho kingemuuma Kijiko kuliko mabega yale.

Baadaye mama akasema, bila kugeuka, "Kesho utakwenda kwa Mzee Fimbo. Haya uliyoniambia mimi, utamwambia yeye. Mimi sitakusindikiza."

Alikwenda akitokea shuleni, na sare yake. Wanabendi walikuwa mazoezini, akina baba pekee, na mpiga ngoma kubwa alikuwa wa kwanza kumwona.

"Mtoto, wanaouza karanga hawaruhusiwi humu."

"Siuzi karanga," Kijiko alisema. Akaeleza yote mpaka mwisho: kopo la makaa, aibu, redio. Kisha akasema na lile ambalo mama hakumtuma. "Mama aliwaomba kipulizio. Wakavitia mifukoni wakacheka."

"Ulikuwa mzaha tu, mzee," mpiga ngoma alisema upesi.

Mzee Fimbo aliiweka fimbo yake magotini. Alikuwa mtu wa maneno machache, na sasa yalimtoka kwa shida.

"Nilikisikia kicheko hicho," alisema. "Nilikisikia vizuri sana, wala sikugeuka. Nilidhani kutogeuka ndiko haki. Kumbe nilikuwa nimewaachia ninyi mgongo wangu muutumie kama pazia." Akamtazama Kijiko. "Kosa lako ni lako, mtoto, usijidanganye kwamba limepungua kwa sababu na sisi tuna letu. Mwambie mama yako aje. Jaribio lililoharibika hurudiwa."

Mama alikuja akiwa na kipulizio kilichosuguliwa. Mzee aligeukia ukuta kama desturi inavyotaka. Mama alianza wimbo ambao babu alipenda kuupiga wafanyakazi walipostaafu. Sauti ilikuwa safi, imenyooka. Kisha, mahali ambapo wimbo ulitaka pumzi ndefu, ikakatika. Akakohoa. Mwanabendi mmoja akafunika mdomo kwa kiganja. Mama akaanza tena pale ilipokatikia, ikakatika tena, akaungaunga mpaka mwisho, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe.

Fimbo haikugonga. Kijiko aliitazama, akahisi machozi.

"Pumzi imeliwa," mzee aliuambia ukuta. "Lakini hakuna sauti hata moja iliyopotoka. Tungekuwa tumeisikiliza mapema, tungeikuta nzima." Ndipo fimbo ilipogonga sakafu.

Kijana wa chumba cha rangi alibaki na kiti chake, kwa kuwa hakumkosea mtu. Mama akaongezewa kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na siku chache baadaye akahamishiwa chumba cha kufungashia, mwanamke wa kwanza kuingia humo kama mfanyakazi. Kijana alipiga sehemu ndefu za nyimbo, mama alipiga zilizobaki. Kikohozi kilipungua, hakikwisha. Muuguzi alikuwa amesema kweli.

Wanawake wa chumba cha pamba walianza kumwuliza msimamizi, wakiwa kundi, kwa nini wao tu ndio wavute vumbi. Baada ya msimamizi kuwajibu mara nyingi huku akinywa chai yake, misumari iling'olewa na nyavu zikawekwa madirishani. Nafasi nyingine ya kufungasha bado hawajapata. Hawajaacha kuuliza.

Asubuhi moja, Kijiko alinyoosha mkono kufunga dirisha kwa mazoea. Mama, aliyekuwa akilitoa soksi kinywani mwa tarumbeta, alimsimamisha.

"Liache," alisema. "Nisikilize, mwanangu. Wale walioficha vipulizio mifukoni niliwajua, na ningeweza kubishana nao. Nisiyemjua alikuwa ndani ya nyumba yangu. Mtu akidharau kazi ya mama yako kwa kuwa ni mwanamke, mjibu kwa ukweli, hata ukiwa peke yako darasani. Uongo wako wa redio ulikuwa mdogo, na ulinigharimu pumzi ambayo sitaiona tena. Nimekusamehe. Lakini ujue bei yake."

"Nimeelewa, mama."

Mama akaanza kupuliza. Nje, watoto walikuwa wakielekea shuleni. Sauti ya mvulana wa ngoma ilisikika ikiuliza kwa dhihaka, kana kwamba hajui, "Nani huyo anapiga?"

Kijiko alilisukuma dirisha mpaka likagonga ukuta. "Ni mama yangu," alisema.

Nyuma yake wimbo ulipanda, ukafika mahali pa pumzi ndefu, ukakatika. Kijiko akachukua kijiko na sufuria, akagonga taratibu, akiishikilia nafasi ile wazi mpaka pumzi ya mama iliporudi.