Bendi Yangu Ilirekodi Bila Mimi

Nilifungua mlango wa studio nikakuta bendi yangu inarekodi wimbo wangu... bila mimi.

Na kwenye ngoma alikaa shemeji yangu. Yule yule niliyemfukuza jana.

Jamani, mimi ni mpiga gitaa la jazi. Albamu hii nimeisubiri miaka kumi na moja. Tuko wanne tu: mimi, Mama Kinanda, mpiga besi na shemeji. Studio tulipewa siku nne, na hii ilikuwa ya mwisho.

Tatu za kwanza ziliishia kwenye kelele. Kila tukirekodi, kuna kitu kinagonga. Tik... tik... Nasimamisha wimbo, tunaanza upya. Nilisimamisha hadi mpiga besi akaacha kunisalimia.

Nikamwambia shemeji ngoma zake zimelegea. Akazikaza. Kelele ipo. Akabadilisha kiti. Ipo. Mwishowe nikamwambia akusanye vyombo vyake aende. Alifunga mifuko yake taratibu, na hilo lilinikera zaidi.

Sasa nimemkuta palepale.

"Nani kamrudisha huyu?"

"Mkeo," alisema Mama Kinanda. "Ndiye aliyetuambia tuanze bila wewe."

Asubuhi mke wangu aliniambia kazi inaanza saa nne. Kumbe wenzangu wako pale tangu saa mbili!

"Kwa hiyo mmenizunguka wote?"

"Kaa usikilize," alisema fundi mitambo.

Akauweka ule wimbo. Nilitega sikio dakika sita nzima nikiitafuta ile tik. Haikuwepo. Ngoma zilikuwa safi kabisa, nami nikazidi kuchukia.

"Haya, piga gitaa lako peke yako," alisema fundi.

Nikapiga.

Tik... tik...

Hakuna aliyecheka, nawashukuru kwa hilo.

"Vua koti, shemeji," alisema mwenye ngoma zake, kwa upole.

Koti langu la bahati, lile ninalovaa kila shoo. Kifungo cha chini kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, kinagonga mgongo wa gitaa kila nikijitikisa. Wiki nzima mke wangu alinibembeleza nimpe akishone. Nikamjibu koti la bahati haliguswi na sindano.

"Shemeji, nisamehe. Nimekukosea mbele za watu."

"Hesabu moja, mbili, tuanze," alinijibu. "Muda hatuna."

Tukarekodi nyimbo saba hadi jioni, mimi na shati langu.

Ndugu zangu, kabla hujamfukuza mwenzako kwa sababu ya kelele, nyamaza wewe kwanza usikie kama itaendelea. Mimi nilinyamazishwa kwa hila ndipo nikajua.

Ule wimbo waliorekodi bila mimi sikutaka uingie kwenye albamu. Tukapiga kura, watatu kwa mmoja. Ukaingia, ukawa wimbo wa nne.

Albamu ina mwezi sasa tangu itoke. Kwenye jalada kuna sura yangu na gitaa langu. Watu wananipigia simu kunipongeza, na kila mmoja anasema hajawahi kusikia kitu kitamu kama wimbo wa nne.